Kamba Niliyomchagulia Bibi

Harufu ya utoto wangu ni harufu ya nyangumi anayechemshwa. Mtu ambaye hakuwahi kuishi juu ya mlima wa Bluff, ule unaoikinga bandari ya Durban upande wa kusini, hawezi kuijua. Katika miezi ya baridi meli ziliburuta nyangumi hadi bandarini, gari la moshi likawapakia juu ya mabehewa ya wazi na kuwapeleka upande wa pili wa mlima, kwenye kiwanda, nao wakakatwakatwa na kuchemshwa mpaka wakawa mafuta. Upepo ukigeuka, harufu iliingia katika nguo zilizoanikwa, katika unga, katika nywele za mtoto mchanga. Wageni walitapika. Sisi tulikula chakula chetu. Bibi yangu, mama yake baba, ambaye alikuwa haoni tena, aliinua pua kila asubuhi akasema upepo unatoka wapi, na kama nguo zianikwe au zisubiri. Mimi nilikuwa nimesimama mbele yake, mkono wake wa kulia umelikamata bega langu la kushoto, tukisubiri aamue. Hivyo ndivyo siku zangu zilivyoanza nilipokuwa na umri wa miaka minane, na tisa, na kumi.

Ninayasema haya kwa mdomo, na mjukuu wangu Mariamu anayaandika, kwa sababu mimi sikupata elimu ya darasani. Nimemwagiza asipambe neno langu wala asilipunguze, na pale nitakapojisema vibaya asinitetee. Watu wetu waliitwa Wazanzibari, na mpaka leo tunaitwa hivyo, ingawa wengi wetu hawakuwahi kuiona Unguja. Wazee wetu walitolewa katika nchi ya Wamakua, kaskazini ya Msumbiji, wakakombolewa baharini na manowari za Waingereza, wakateremshwa Durban, wakafanyishwa kazi kwa mkataba miaka kadhaa, kisha wakapata makazi pale Bluff kwenye ardhi ya msikiti. Hayo tuliyajua kwa juu juu tu, kama mtu ajuavyo jina la babu aliyekufa kabla yeye hajazaliwa. Hatukuambiwa zaidi. Neno mtumwa halikutamkwa nyumbani kwetu. Ukilitamka hata kwa mzaha, kofi lilikufikia kabla hujalimaliza. Bibi alikuwa mmoja wa waliokuja na meli zile akiwa mtoto. Niliwahi kumwuliza alikujaje. Akaniambia alikuja kwa miguu, kisha kwa maji, na vidole vyake vikalikaza bega langu mpaka nikanyamaza.

Macho yake yalififia polepole, kwanza jicho moja, kisha la pili, na miguu yake ikawa mikavu na myepesi kama ya kuku. Mama alikuwa akifua nguo katika nyumba za Wazungu ng'ambo ya bandari, akitoka alfajiri na kurudi alasiri. Baba alikuwa mfunga kamba za meli gatini. Kaka zangu wawili walikuwa wakubwa na walikuwa wameshaanza kazi. Nikabaki mimi. Hakuna aliyeniita kando akaniambia kwamba kuanzia leo wewe ndiwe macho ya Bibi. Siku moja tu mkono ulitua begani, nao haukuondoka. Nilimpeleka chooni, hatua arubaini kutoka mlango wa jikoni, kwa njia ya mchanga inayoteremka. Nilimpeleka kwenye pipa la maji ya mvua akatawadhe mara tano kila siku. Nilimpeleka kivulini na nikamrudisha juani. Hakuwa mkatili, wala hakuwa na maneno mengi, lakini vidole vyake vilikuwa vigumu na kila kimoja kilikuwa na amri yake: gumba likibonyeza, simama, cha shahada kikigonga, punguza mwendo. Nikicheka na mtu njiani, vyote vitano vilikaza. Hata nilipokuwa peke yangu nilitembea kwa hatua fupi, bega moja likiwa chini ya jingine. Wasichana wenzangu walipita nyuma ya uzio wakiteremka pwani kuokota kome, na siku moja mmoja wao aliniita, "Zuhura, mlete na ng'ombe wako tumnyweshe." Wenzake wakacheka. Nami nilicheka moyoni, kisha nikaona haya, kisha nikaingiwa na hasira, na yote matatu nikayameza, kwa sababu Bibi alikuwa amesikia na vidole vyake havikusema kitu.

Mwaka ule nilipotimiza miaka kumi, ilitangazwa msikitini kwamba baada ya Idi litafunguliwa darasa la wasichana katika chumba kilichokuwa ubavuni mwa msikiti. Halikuwa darasa la Kurani. Sura zangu nilikwisha kuzihifadhi kwa kumsikiliza Bibi. Hili lilikuwa la kusoma, kuandika na hesabu. Mwalimu alikuwa kijana mwembamba aliyesomeshwa mjini. Alisema mabenchi yanatosha wasichana kumi na wawili, na kwamba mwaka ujao hatampokea aliyevuka miaka kumi. Nilielewa kuwa ni mwaka ule au basi. Nilimwambia Mama, naye alikuwa akikamua shuka, hakuacha kukamua. "Na bibi yako nimwachie nani," akasema, "paka?" Hakusema kwa ubaya. Alikuwa akiuliza kweli, na lau jibu lingekuwapo angelipokea kwa mikono miwili. Basi nikaanza kulitafuta jibu hilo, na tangu siku hiyo sikumtazama Bibi kama bibi. Nilimtazama kama mlango uliofungwa, nikapeleleza bawaba zake.

Kwetu mkono wa Idi haukuwa wa watoto peke yao. Mkubwa wa nyumba naye alipewa, na kila mwanawe alitoa cha kwake mbele ya watu, akakitaja. Mwaka uliotangulia, Baba Mkubwa Saidi, kaka yake baba, alimletea Bibi kioo cha ukutani. Shangazi Mwanaisha alimletea leso yenye tausi wawili, akakaa akimsimulia rangi za manyoya yao, moja baada ya moja. Baba alileta taa ya chemni. Wote walimpenda mama yao, na wote walinunua kitu ambacho wao wenyewe wangependa kukitazama. Bibi alikipapasa kioo akasema kwamba ni kizuri, kina ubaridi, ila je, kikimwona amezeeka kitamwambia? Watu walicheka, na Baba Mkubwa alicheka kuliko wote, lakini nadhani aibu iliwaingia, kwa maana mwaka ule wa pili, katika kumi la mwisho la Ramadhani, walikutana barazani baada ya futari ili washauriane mapema. Bibi alikuwa chumbani kwake akiswali.

Shangazi alitaja udi na marashi, kwamba pua yake bado ni nzima. Mama alitaja mkongojo, akakumbushwa kwamba Bibi alikwisha kuitupa miwili, akisema mkongojo humwambia mtu habari za shimo baada ya mguu kuingia. Baba Mkubwa Saidi alitaka jogoo mkubwa, wa kumjulisha saa za sala bila kuombwa. "Kaka," Shangazi akamwambia, "jogoo tunaye, na hapo alipo amemaliza sambusa zote." Walipokwisha kucheka, Baba alinigeukia. Sikumbuki kama niliwahi kuulizwa swali na watu wazima wanne wakanyamaza kulisubiri jibu langu. Akasema, "Zuhura ndiye anayeshinda naye. Bibi yako anahitaji nini?" Jibu nilikuwa nalo wiki nzima. Nilikuwa nimempelekea Baba chakula bandarini, nikaona daraja la mbao linaloteremka kutoka melini, na ubavuni mwake kamba ya kushikia, na mabaharia waliolewa kiasi cha kutojua mama zao wakiteremka kwa kuishika kamba ile bila kuanguka. Nikasema, "Kamba, Baba. Kutoka mlangoni mpaka kwenye pipa, na kutoka kwenye pipa mpaka chooni. Aishike aende mwenyewe." Baba Mkubwa aliuliza kama nataka tumfunge mama yake asitoroke, lakini Baba hakucheka. Alikuwa mtu wa kamba. Kazi yake yote ya maisha ilikuwa kamba, na sasa mwanawe amemwonyesha namna ya kumtumikia mama yake kwa kazi hiyo hiyo. Niliuona uso wake ukilainika. Mama alinitazama kwa muda mrefu, akasema polepole kwamba kama Bibi ataweza kwenda mwenyewe, basi asubuhi za shule zitawezekana.

Hapo ndipo ninapotaka kusema lisilopendeza. Watu walinisifu kwa akili na huruma. Huruma haikuwamo. Zawadi ile niliichagua kwa ajili yangu, nikaifunga kwa jina la Bibi. Na katika watu wote tuliokaa barazani, watu aliowazaa, aliowalisha, na mimi niliyelala mkeka mmoja naye, hakuna aliyefikiri kuingia chumbani na kumwuliza. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Baba alileta kamba ya katani iliyochakaa kazini, nene kama kidole gumba, akaichemsha kutoa lami na kuisugua kwa mchanga isichome viganja. Kaka zangu walisimamisha nguzo saba. Bibi aliposikia nyundo aliambiwa kwamba uzio unatengenezwa. Mimi nilipewa kazi ya mafundo. Baba alinifundisha fundo ambalo haliteremki wala halilegei, nikalifunga kwa mpango wangu: fundo moja kabla ya kidaraja cha jiwe kilichokuwa njiani, mawili mbele ya pipa, matatu chooni, ili vidole vyake vimwambie mahali alipo. Nilifanya kazi ile siku tatu, nikiwa na saumu, na nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena kwa kazi ya mikono. Kila fundo nilipolikaza niliona benchi.

Siku ya Idi, wanaume waliporudi kutoka kuswali, Bibi alivishwa leso ya tausi akaletwa kwenye mlango wa jikoni. Majirani walikuwa wamejaa uani. Baba aliutoa mkono wa Bibi begani mwangu, nami nilihisi kama mtu anayetuliwa mtungi, akauweka juu ya kamba. Mkono ulirudi nyuma kwa ghafla, kama uliogusa chungu cha moto. Kisha ukarejea wenyewe, polepole, na vidole vikaizunguka kamba kimoja kimoja mpaka vikalifikia fundo la kwanza. Uso wake haukubadilika. Midomo tu ndiyo iliyokuwa ikitikisika, nikadhani anashukuru. Akauliza, "Mafundo haya amefunga nani?" Nikamjibu kwamba ni mimi. "Umefunga vizuri," akasema. "Hayatafunguka." Kisha akatembea, mlangoni hadi kwenye pipa, kwenye pipa hadi chooni, peke yake, na uani watu walimtukuza Mungu. Mama alijifuta machozi. Baba Mkubwa Saidi alisema sasa mama yake ana reli yake mwenyewe, kama nyangumi wa Wazungu, na watu wakacheka mpaka wakashikana. Mimi nilikuwa nimemwongoza mwanamke yule miaka mitatu na nilikuwa naujua mgongo wake. Siku ile ulikuwa umeinama kuliko siku zote, na shingo ilikuwa imezama mabegani, kama ya mtu anayesubiri kupigwa kutoka nyuma. Niliuona. Nikajiambia kwamba ni uzee.

Jumatatu nilikaa kwenye benchi. Mwalimu alitufundisha herufi mbili kila siku, kwa utaratibu wao, na nilisikitika kwamba jina langu linaanza kwa ile ya mwisho kabisa, kwa hiyo ningesubiri wiki mbili na zaidi kabla ya kuliandika. Sikuona taabu. Nilikuwa na muda, na bega langu lilikuwa jepesi hata nikahisi nitaelea. Nyumbani nako mambo yalikwenda vizuri kuliko tulivyotumaini. Bibi alitangaza kwamba atafunga zile siku sita za Shawali, ambazo mtu akizifunga baada ya Ramadhani huandikiwa kama aliyefunga mwaka mzima. Tulishangaa, kwa umri wake, lakini nani atamkataza mzee ibada? Jioni alifuturu kwa tende moja na mafunda mawili ya maji, akasema yanamtosha. Siku sita zilipotimia, Mama alimletea chai ya asubuhi, naye akaikataa, akasema kuna siku za ujana wake ambazo hakuzilipa na anataka kuzilipa sasa. Baba alilisimulia jambo hilo msikitini kwa unyenyekevu wa mtu anayejivuna. Watu walianza kupita nyumbani kumwomba dua.

Siku ya saba ya masomo, Mwalimu alinituma nyumbani mara moja nikalete kitambaa cha kufutia vibao. Mama alikuwa kazini, na uani kulikuwa kimya. Nilizunguka nyumba nikamwona Bibi. Alikuwa chini, juu ya mchanga, akitambaa kwa magoti na viganja. Kamba ilikuwa juu ya kichwa chake, imekaza vizuri, naye alikuwa ameiacha mbali kwa urefu wa mkono mzima. Alipoifikia nguzo aliipapasa mti, akajua yuko wapi, akaendelea kutambaa hadi nguzo nyingine. Leso yake ilikuwa imelowa na imejaa mchanga. Alikuwa amechelewa kufika chooni.

Alisikia hatua zangu, akaniinulia uso. "Ni wewe," akasema. "Shule imekwisha?" Nikamwambia bado. Nilimwinua, nikamwosha kwenye pipa, nikambadilisha nguo, na nilipomletea kikombe cha maji alikisukuma. Nikamwambia kwa ukali, kwa sababu niliogopa, kwamba hawezi kuwa amefunga, saumu haitaki mtu atambae. Ndipo akaniambia. Nitayasema maneno yake kama alivyoyasema, kwa maana hayakuwa mengi.

"Nilikuwa mdogo kuliko wewe. Kamba ilikuwa nene hivi hivi. Mbele yangu alikuwa mama yangu, nyuma yangu mtu nisiyemjua. Kila fundo mtu. Mama alipoanguka walimkata kwenye fundo lake, wakaiunga kamba, tukaendelea kutembea."

Akasema kwamba tangu macho yake yafe alikuwa haoni kitu, hata ndotoni, na kwamba siku ya Idi alipoishika kamba yangu macho yake yote mawili yalifunguka. Anapoishika anaona. Asipokunywa maji hana haja ya kutoka, na asipotoka hana haja ya kuishika. Basi ameona ni heri kiu. Nilisimama na kikombe mkononi. Nakumbuka kwamba kilikuwa cha bati, na kwamba nilikuwa nikijiuliza kama Mwalimu amekwisha kuandika herufi ya pili ubaoni. "Usimwambie baba yako," akasema. "Atadhani yeye ndiye aliyenifunga. Nenda kasome, mwanangu. Nitazoea." Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Bibi alikuwa ameumwa, na mimi ndiye niliyemtandikia ung'ongo kutoka mlangoni hadi chooni, na kuupigia mafundo.

Nilichukua kitambaa, nikarudi darasani. Hilo nataka liandikwe. Nilirudi, nikafuta kibao changu, nikaandika herufi mbili za siku ile, na Mwalimu akasema mkono wangu ni mzuri. Kesho yake nilikwenda. Kesho kutwa pia nilikwenda. Siku mbili nzima nilikaa kwenye benchi nikijua kwamba kule nyumbani mtu anakauka kwa ajili ya nafasi yangu, na nilijifunza, na sikusahau nilichojifunza. Sikuwa naweza kumwambia mtu. Nikimwambia Baba, nitakuwa nimelifunua jambo ambalo Bibi alilificha tangu kabla Baba hajazaliwa, jambo ambalo nyumbani kwetu lilikuwa na kofi lake. Nikinyamaza, atakufa kwa kiu akiwa na sifa ya ucha Mungu. Nililala kando yake nikisikia ulimi wake ukibandukana na kaakaa.

Ijumaa baada ya sala, mke wa imamu alikuja na wanawake wanne kumtazama mwanamke aliyefunga bila kupumzika. Walimkalisha kivulini, wakambusu mkono. Baba alikuwa amesimama nyuma ya kiti, akiwaeleza ni siku ngapi sasa. Bibi alijaribu kutabasamu, na alipotabasamu mdomo wake wa chini ulipasuka, uzi mwembamba wa damu ukateremka kidevuni, na mmoja wa wanawake akasema, "Tazameni nuru." Niliingia jikoni nikachukua kisu cha samaki. Mafundo yangu yalikuwa yamevimba kwa unyevu wa bahari na hayakukubali kufunguka, kwa hiyo niliikata kamba, nguzo kwa nguzo, kuanzia chooni, mbele ya wageni wote, mpaka nikaufikia mlango.

Baba alinipiga. Alikuwa mtu mpole na hakuwa amewahi kunipiga vile. Aliniuliza kwa nini, akaniuliza tena, nami nilimtazama Bibi pale kivulini. Angeweza kusema. Neno moja lake lingetosha kuuzuia mkono ule. Hakusema, na kinywa chake kikiwa kimefumba nilielewa kwamba si ukatili, ni kwamba hawezi, kama mtu asivyoweza kuinua jiwe lililo juu yake. Basi nami nikafumba changu. Shangazi aliniita mwenye husuda, asiyependa mkubwa wake atembee kwa heshima. Baba alipochoka, alikaa chini akihema. "Umeikata miguu ya mama yangu," akasema. "Sasa wewe ndiwe utakuwa miguu yake. Shule imekwisha." Wageni waliondoka. Kabla ya magharibi Bibi aliomba maji. Nilimletea. Alikunywa vikombe vitatu, kimoja baada ya kingine, bila kupumua katikati, akanirudishia kikombe, akanyoosha mkono hewani, akalitafuta bega langu, akalipata.

Alikaa hapo miaka sita zaidi. Hatukulizungumza tena jambo lile, hata siku aliyokufa. Hakunishukuru wala sikumwomba radhi. Benchi langu alipewa msichana mwingine, yule wa ng'ombe, na baadaye akawa mwalimu, akafundisha watoto wa wenzetu wote. Mimi niliolewa nikiwa na miaka kumi na saba. Baba alizikwa akiamini kwamba nilikuwa mtoto mwenye kijicho, na mara nyingi, mbele ya wageni, alilisimulia kama mzaha. Watu huniambia mimi ni mkali. Nilikuwa mkali tangu hapo. Mtu akifungwa mahali pamoja muda mrefu, hujifunza kusimama wima, kwa sababu hakuna kingine cha kufanya.

Sasa ni miaka ya mwisho ya karne hii. Sheria za rangi zilituondoa Bluff zikatuleta hapa Chatsworth, na sheria hizo nazo zimeondoka, na watoto wetu wanaingia katika vyuo ambavyo zamani mlinzi asingewaacha wakaribie hata geti. Ugonjwa wa sukari umenila jicho moja na sasa unalila la pili. Mwezi uliopita wanangu walikutana sebuleni kushauriana juu ya mkono wangu wa Idi, wakidhani nimelala. Walitaja redio. Walitaja saa inayosema, ukiibonyeza inakutajia wakati kwa sauti ya mwanamke. Kisha mwanangu mkubwa akasema zawadi bora ni mtu, na kwamba Mariamu, ambaye amepokelewa katika chuo cha wauguzi Cape Town, aahirishe mwaka mmoja akae na Bibi yake. Wote wakaona ni jambo jema. Asubuhi nilimwuliza Mariamu mwenyewe. Akasema, "Eish, Bibi, ni mwaka mmoja tu, na nimechagua mimi." Aliyasema kwa uchangamfu. Mimi sina macho ya kuuona uso wake vizuri, lakini nina masikio.

Tofauti ya zamani na sasa, kwa jinsi ninavyoipima, si redio wala saa, wala sheria peke yake. Bibi yangu alikuwa na jambo moja tu la kusema na hakuwa na mahali pa kulisemea, na sisi tuliokuwa tukimpenda hatukumwuliza. Mimi ninapo mahali. Nimewaita wanangu wote wanne, nimewakalisha, nimewaambia ninachokihitaji: kila mmoja aje kwa zamu yake asubuhi, na anayeona uzito anieleze mbele yangu, si sebuleni. Wawili wamenuna. Watazoea wao, si mtoto huyu. Zawadi waliyonichagulia nimeikataa mbele yao, kwa jina lake: Mariamu.

Mariamu ameacha kuandika. Sisikii kalamu. Andika, Mariamu, nilikuagiza usipunguze neno: basi la Cape Town linaondoka Jumapili asubuhi, nawe umo ndani yake. Tia nukta hapo, kisha ukapange nguo zako.